Uzi Mmoja Unaovuka Mipaka: Nanga, Ngoma na Swali la Umiliki wa Urithi katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

1.0 Utangulizi



Katika Kiswahili sanifu, neno nanga lina maana inayojulikana na kila mkazi wa pwani: chuma kizito kinachotupwa majini ili chombo kitulie bandarini. Katika lugha za magharibi ya Ziwa Viktoria, neno linalofanana nalo kwa sura, yaani enanga kwa Wahaya na inanga kwa Warundi na Wanyarwanda, ni jina la ala ya muziki yenye nyuzi. Maneno haya mawili hayana nasaba moja. La kwanza linanasibishwa na Kiajemi na limefika kwa njia ya bahari. La pili ni la Kibantu, na katika Kiganda ennanga ni jina la ala ya nyuzi yenye umbo la upinde. Hata hivyo, mgongano huo wa maana ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu unadhihirisha jinsi taaluma za Kiswahili zilivyozoea kusikia maana moja na kuiacha nyingine.

Mtafiti anapotaja muziki wa nyuzi katika Kiswahili, mawazo ya hadhira huelekea moja kwa moja Zanzibar, Lamu, Mombasa na Tanga. Huko kuna udi, gambusi, fidla na ganuni. Kuna vikundi vyenye historia iliyoandikwa, na kuna tungo zilizohifadhiwa kwa hati. Nyuzi za bara hazikupata bahati hiyo. Zimeachiwa wanamuziki wa kigeni wenye vinasa sauti na wanaanthropolojia, kana kwamba si sehemu ya historia ya fasihi ya nchi ambayo lugha yake ya taifa ni Kiswahili.

Mhadhara huu unajadili nanga na ngoma katika wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, Ngara na Biharamulo. Hoja kuu ni tatu. Kwanza, wilaya hizi ni bandari kwa maana ya kijamii, ingawa Ngara haina maji ya bahari wala ya ziwa: ni mahali ambapo watu wa asili mbalimbali hukutana, hubadilishana na kuachiana vitu. Pili, ala na tungo zinazopatikana katika ukanda huu haziwezi kugawanywa kwa kufuata mipaka ya mwaka 1919. Tatu, kutoitambua hali hiyo kuna gharama, kwani urithi usiokuwa na mwenyewe katika kumbukumbu za taifa huweza kugeuzwa kuwa ushahidi wa ugeni dhidi ya watu wanaouenzi.

2.0 Eneo na Watu Wake

Wilaya ya Ngara iko katika pembe ambapo Tanzania inapakana na Rwanda na Burundi. Mto Ruvubu, utokao Burundi, huungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Wenyeji wake wakuu ni Wahangaza na Washubi. Katika uainishaji wa lugha za Kibantu ulioanzishwa na Malcolm Guthrie na kurekebishwa na wataalamu waliomfuata, Kishubi na Kihangaza viko katika kundi moja na Kinyarwanda, Kirundi, Kiha na Kivinza. Wasemaji wa lugha hizi huelewana kwa kiasi kikubwa bila mkalimani. Upande wa kaskazini na mashariki huanza kundi lingine, lenye Kinyambo, Kihaya na Kizinza.

Wilaya ya Biharamulo iko mahali makundi hayo mawili yanapokaribiana. Wamo Wasubi na Wazinza, na wamo Wasukuma wengi waliohamia na mifugo yao na kilimo chao cha pamba. Wajerumani walijenga boma Biharamulo, na jengo hilo bado lipo. Zamani wilaya hii ilifika hadi ziwani, kwenye bandari ya Nyamirembe. Eneo hilo lilitengwa mwaka 2005 ilipoundwa Wilaya ya Chato, ambayo mwaka 2012 iliingizwa katika Mkoa mpya wa Geita. Katika sensa ya mwaka 2012 kila moja ya wilaya hizi mbili ilikuwa na watu zaidi ya 320,000.

Mkoa wenyewe uliitwa Ziwa Magharibi hadi vita vya 1978 na 1979 dhidi ya majeshi ya Idi Amin, ukabadilishwa jina na kuitwa Kagera. Jina jipya lilichukuliwa kutoka mtoni, na mto huo ni mpaka kwa sehemu moja na njia kwa sehemu nyingine. Mambo hayo mawili, mpaka na njia, ndiyo yanayoongoza mjadala wote unaofuata.

3.0 Ala na Utendaji

Nanga inayozungumziwa hapa huchongwa kutoka gogo moja la mti. Fundi huchimba upande wa juu hadi kipande kiwe na umbo la chano kirefu, chenye kina kifupi na kingo zilizoinuka. Katika ncha mbili huchongwa mapengo, na uzi hupitishwa kutoka pengo la ncha moja hadi la ncha nyingine, ukarudishwa, ukapelekwa tena, mpaka ipatikane safu ya nyuzi saba, nane au zaidi. Zamani uzi ulitokana na kano za ng'ombe au nyuzinyuzi za mimea. Baadaye waya na nailoni vilichukua nafasi hiyo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kinachoonekana kama nyuzi nyingi, kwa utengenezaji wa asili, ni uzi mmoja mrefu. Kwa hiyo kulinganisha sauti ni kazi ya ustahimilivu. Mpiga nanga akivuta kipande kimoja, kipande cha jirani hulegea au hukaza. Inambidi azunguke safu yote mara kadhaa kabla ala haijakubaliana nafsi yake. Hakuna vigingi vya kugeuza kama vile vya udi. Mizani ya sauti hutafutwa kwa vidole na sikio.

Ukanda wa ala hii unaanzia Kivu, mashariki ya Kongo, unapita Rwanda na Burundi, ukaingia Buha, na kuendelea hadi Buhaya na Ankole. Mtu akiiweka ramani mezani ataona kuwa Ngara na Biharamulo si ukingo wa ukanda huo. Zimo ndani yake, kwenye mapito kati ya matawi yake mawili makubwa: tawi la Rwanda na Burundi kwa upande mmoja, na tawi la Buhaya kwa upande mwingine.

Matawi haya yanatofautiana katika utendaji. Katika Buhaya, nanga ni chombo cha tendi. Manju huketi, huiegemeza ala, na kusimulia habari za mashujaa na miungu: Rukiza, Kachwenyanja, na Mugasha ambaye ni bwana wa ziwa na tufani. M. M. Mulokozi, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mwaka 1986, alizichambua tungo hizo na kuonyesha kuwa zina sifa zote za utendi. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, kwa kuwa Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alikuwa ametilia shaka kuwapo kwa utanzu huo barani. Mwaka 1997 Mulokozi alichapisha makala juu ya Habibu Selemani, manju wa Kihaya aliyefariki mwaka 1993, akimweka miongoni mwa manju wa mwisho wa jadi hiyo.

Katika Burundi, utendaji unaojulikana zaidi ni wa kunong'ona. Mpiga nanga haimbi kwa sauti wazi; ananong'ona maneno huku vidole vikitembea juu ya nyuzi. Cornelia Fales, katika makala ya mwaka 2002, alieleza siri ya utendaji huo. Mnong'ono hauna kima cha sauti chake wenyewe, bali pumzi tu iliyoumbwa na ulimi na midomo. Sikio la msikilizaji huchukua kima cha nyuzi na kulivika neno lililonong'onwa, hata akadhani amesikia mtu akiimba. Wimbo unakamilika sikioni mwa hadhira.

Ala nyingine za nyuzi katika ukanda huu ni zeze la uzi mmoja lipigwalo kwa upinde, liitwalo endingidi Uganda, iningiri Rwanda na indingiti Burundi, pamoja na upinde wa muziki wenye kibuyu, uitwao umuduri. Zeze hilo lilianza kujulikana Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, kisha likasambaa. Katika muda wa vizazi vichache limekuwa "la jadi" kila lilikofika. Historia yake ni onyo kwa wanaodhani kuwa jadi ni kitu kisichokuwa na tarehe ya kuzaliwa.

4.0 Bandari za Maji na Bandari ya Nchi Kavu

Ulinganisho na pwani unasaidia. Taarabu ya Zanzibar ni matunda ya bandari. Katika enzi ya Sultani Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, mwanamuziki alipelekwa Misri kujifunza. Mwaka 1905 kiliundwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Fidla ya Ulaya ilifika kwa njia ya Kairo, udi na ganuni kutoka Uarabuni, na mahadhi ya Kihindi kwa sahani za santuri na filamu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi, na kwa kufanya hivyo akauthibitisha muziki huo kuwa wa Kiswahili kwa lugha yake na kwa tabaka la watu waliouimba. Pembeni mwa kumbi za waungwana kulikua kidumbak, chenye fidla, sanduku lililofungwa uzi mnene na kuwa besi, na ngoma ndogo mbili; huo ni muziki wa nyuzi unaochezwa kwa viuno na miguu katika harusi.

Hakuna anayesema kuwa taarabu si ya Zanzibar kwa sababu udi ni wa Waarabu. Kinyume chake, wingi wa asili zake huhesabiwa kuwa sifa. Ikiwa kanuni hiyo ni sahihi, basi iwe sahihi pia bara.

Bukoba, mji wa bandari ulio karibu, una historia inayokaribiana na hiyo kwa kiwango kidogo. Ulianzishwa kama kituo cha Wajerumani mwaka 1890 na Emin Pasha. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za ziwani ziliuunganisha mji huo na Mombasa. Walikuja askari, wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kihindi, na walimu wa dini kutoka Buganda. Mwaka 1907 msafara wa kitaalamu ulioongozwa na Duki wa Mecklenburg, Adolf Friedrich, ulianzia Bukoba kuelekea Rwanda. Katika msafara huo Jan Czekanowski alinasa nyimbo kwa mitungi ya nta, na nyimbo hizo zikapelekwa Berlin, ambako Erich von Hornbostel alizichambua katika makala ya mwaka 1917 juu ya nyimbo za Rwanda. Kwa hiyo sauti za ukanda huu zilihifadhiwa Ulaya mapema zaidi kuliko rekodi za Siti. Tofauti ni kwamba rekodi za Siti ziliuzwa kwa wenyewe, zikapigwa barazani na kukaririwa. Zile za nta zilifungiwa makabatini.

Ngara nayo ni bandari ya nchi kavu. Mei 1894, Gustav Adolf von Götzen aliingia Rwanda kwa kuvuka hapo Rusumo. Hivi leo malori yatokayo Dar es Salaam huvuka mahali hapohapo, na kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa mwaka 2016. Kwenye foleni za malori kuna madereva kutoka pwani, wafanyabiashara wa Kigali, wakulima wa Kihangaza na wachuuzi wa Kirundi, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Hiyo ndiyo maana ya bandari.

5.0 Toni na Mizani

Swali la kiisimu linafuata hapo: nini hutokea tungo za nanga zinapoingia katika Kiswahili?

Kihangaza, Kishubi, Kirundi na Kihaya ni lugha za toni. Neno moja likitamkwa kwa kupandisha au kushusha sauti huweza kubadili maana. Mpiga nanga, hasa anayenong'ona, hutumia nyuzi kusaidia toni hizo. Muziki na neno vimefungamana kiasi kwamba kubadili sauti ya wimbo ovyo ni kuharibu maana. Kiswahili sanifu hakina toni za namna hiyo. Kina mkazo, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa sababu hiyo mtunzi wa Kiswahili amejenga ushairi wake juu ya nguzo nyingine: idadi ya silabi, vina na mishororo. Utendi una mizani minane kwa kila mshororo, na mahadhi huchaguliwa yakaendana na hesabu hiyo.

Manju wa nanga hahesabu silabi. Nyuzi hurudia mzunguko mfupi, na juu ya mzunguko huo mshororo hurefuka au kufupika kwa kadiri ya habari. Ikiwa shujaa anakimbia, maneno hujazana. Ikiwa mama analia, neno moja hujaza mzunguko mzima. Kumtaka manju huyo atunge kwa mizani minane ili apate kibali cha kuitwa mshairi wa Kiswahili ni kumvua chombo chake. Vilevile, kutafsiri utungo wa nanga katika umbo la utendi wa pwani huleta shairi zuri linalosomeka, lakini shairi jingine.

Hili si jambo geni katika taaluma za Kiswahili. Mjadala mrefu baina ya wanamapokeo na wanausasa, ulioanza miaka ya 1970, ulihusu swali hilohilo: je, vina na mizani ni roho ya ushairi wa Kiswahili au ni vazi lake? Katika mjadala huo wanausasa mara nyingi walirejelea fasihi simulizi ya makabila ya bara kama ushahidi. Ushahidi huo ulitajwa zaidi kuliko ulivyochunguzwa. Nanga ya magharibi ingeweza kuupa mjadala huo data: utungo mrefu, wenye kanuni kali, usio na vina wala hesabu ya silabi, lakini unaoongozwa na nyuzi.

6.0 Ngoma na Wahamiaji

Nanga ni ala ya kukaa na kusikiliza. Mwili wa jamii hucheza mahali pengine: kwenye ngoma. Katika Biharamulo, uhamiaji wa Wasukuma umeleta mfumo wa ngoma wenye taratibu zake. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyotokana na mashindano ya waganga wawili, Ngika na Gumha, katika karne ya 19. Baada ya mavuno vyama hivyo hushindana, na mshindi hujulikana kwa wingi wa watazamaji aliowavuta. Bugobogobo, ngoma ya majembe, ilianza kama nyenzo ya kilimo cha pamoja.

Kwa upande wa Rwanda na Burundi kuna taratibu za kifalme. Ngoma za kifalme za Burundi ziliorodheshwa na UNESCO mwaka 2014 katika urithi wa utamaduni usioshikika, na ngoma ya Intore ya Rwanda iliorodheshwa mwaka 2024. Wakazi wa Ngara wako umbali wa mwendo wa miguu kutoka nchi hizo mbili, na familia nyingi zina ndugu ng'ambo. Ni kawaida kuwa mikao ya mikono, mirindimo na vigelegele vifanane. Urithi hauna kituo cha forodha.

Hapa ndipo orodha za kimataifa, pamoja na manufaa yake, zinapoleta tatizo. Kila orodha huombwa na dola, na dola hujaza jina lake. Mkataba wa mwaka 2003, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2011, unaruhusu nchi kadhaa kuwasilisha ombi la pamoja. Nafasi hiyo ipo pia kwa nanga.

7.0 Nanga na Sera ya Utamaduni

Kabla ya uhuru, wapiga nanga walitegemea mabaraza ya watawala. Msingi huo uliondoka kwa haraka katika nchi zote tatu. Rwanda iliondoa ufalme mwaka 1961, Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, na Burundi ikafuata mwaka 1966. Katika muda wa miaka mitano, wafadhili wa jadi wa ala hii walitoweka kisheria. Sababu za kisiasa za hatua hizo zinaeleweka. Lakini hapakuwa na chombo kilichopewa jukumu la kumlisha manju baada ya chifu.

Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni na Vijana, akiuita utamaduni kuwa roho ya taifa. Lililofuata lilikuwa kundi la taifa la ngoma. Kelly Askew, katika kitabu chake cha mwaka 2002, ameonyesha jinsi sera hiyo ilivyopendelea maonyesho ya jukwaani: ngoma zenye wachezaji wengi, zinazoweza kufupishwa kwa dakika chache na kufahamika bila kujua lugha. Sindimba ya Wamakonde na bugobogobo ya Wasukuma zilifaa. Manju mmoja anayesimulia kwa saa kadhaa katika lugha isiyojulikana na watazamaji hakufaa.

Isidhaniwe hata hivyo kuwa nyuzi zenyewe ndizo kikwazo. Hukwe Zawose, Mgogo aliyepiga zeze na marimba ya vidole, alichukuliwa na serikali katika miaka ya 1960, akafanya kazi Bagamoyo na kuifikisha sauti ya Ugogo duniani kabla ya kufariki mwaka 2003. Wagogo walikuwa na bahati nyingine: hakuna aliyewahi kuwatilia shaka kuwa ni Watanzania.

8.0 Ukimbizi na Shaka ya Uraia

Rwanda na Burundi zimewatoa wakimbizi kwa awamu tangu mwaka 1959. Kilele kilikuwa Aprili 1994. Kuanzia tarehe 28 mwezi huo, katika muda wa saa 24 hivi, watu waliokadiriwa na UNHCR kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa ndani ya siku chache. Desemba 1996 wengi wa Wanyarwanda walirudishwa, na Warundi waliendelea kukaa Lukole kwa miaka mingi zaidi.

Wenyeji wa Ngara walipata barabara, visima na soko. Walipoteza misitu, na wakaishi na hofu ya silaha. Mwaka 1995 shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera, ambayo jina lake lina maana ya matumaini, ikitangaza kwa Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda na lugha nyingine. Redio hiyo ilidhihirisha kwa vitendo kile ambacho sera haikukisema: kwamba wasikilizaji wa ukanda huu wanaweza kupokea habari moja kwa lugha kadhaa za jirani bila kujiona wageni kwao.

Lakini baada ya ukimbizi ilikuja shaka. Mwaka 2006, na tena Septemba 2013 katika Operesheni Kimbunga iliyofanyika Kagera, Geita na Kigoma, watu waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu waliamriwa kuondoka. Kila dola ina haki ya kulinda mipaka yake. Ugumu uko katika vipimo. Katika eneo ambako nyaraka za kuzaliwa ni chache, macho na masikio huchukua nafasi ya karatasi: lafudhi, jina, aina ya wimbo. Mhangaza akisema kwao, mtu asiyejua isimu ya ukanda huu husikia Kirundi. Akipiga inanga, msikilizaji huyohuyo husema ni ya Burundi.

Kwa hali hiyo, mpiga nanga wa Ngara ana sababu ya kuificha ala yake. Kijana wake ana sababu ya kutojifunza. Jadi inaweza kufa kwa kukosa fedha, na inaweza kufa kwa sababu kuionyesha hadharani kunamhatarisha mwenye nayo. Njia ya pili haionekani katika takwimu yoyote ya utamaduni, nayo ndiyo inayolihusu zaidi jukumu la wasomi. Mtaalamu anapoandika kuwa Kihangaza ni lugha ya Tanzania na kuiweka katika ramani, kama ulivyofanya Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika Atlasi yake ya mwaka 2009, anatoa ushahidi wenye uzito hata nje ya darasa. Ramani ya ala na tungo ingetoa ushahidi wa namna hiyohiyo.

9.0 Hitimisho na Mapendekezo

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha kuwa Ngara na Biharamulo zimo katikati ya ukanda wa nanga. Kwamba mwingiliano wa makabila na mataifa katika wilaya hizo ni wa aina ileile inayosifiwa katika miji ya bandari ya pwani. Na kwamba kimya cha taaluma kuhusu urithi huo kina madhara kwa watu walio hai.

Mapendekezo manne yanatokana na hoja hizo. La kwanza ni kurekodi tungo za nanga katika wilaya hizi, pamoja na matini ya lugha asilia, alama za toni, na maelezo ya Kiswahili yasiyojifanya kuwa shairi. La pili ni kurudisha nakala za rekodi za zamani zilizoko Berlin, na za Hugh Tracey zilizohifadhiwa Afrika Kusini, ili zisikike katika vyuo na redio za kanda. La tatu ni kuingiza nanga katika mihtasari ya fasihi simulizi ya Kiswahili katika sekondari na vyuo, ikisomwa sambamba na Utendi wa Fumo Liyongo, ili mwanafunzi ajue kuwa nchi hii ina njia zaidi ya moja ya kumtukuza shujaa. La nne ni ombi la pamoja la Tanzania, Rwanda na Burundi kwa UNESCO, ambalo litamwezesha mpiga nanga wa kila upande kutambuliwa kwao bila kumnyang'anya mwenzake.

Fundi wa nanga hakati uzi kila anapofika kwenye ukingo wa ubao. Huupitisha kwenye pengo na kuurudisha, na kwa kufanya hivyo hupata sauti tofauti kutoka kitu kimoja. Wataalamu wa Kiswahili, ambao lugha yao yenyewe ilikua kwa kuvuka maji na mipaka, wana kila sababu ya kuielewa kazi hiyo na kuipa nafasi inayostahili.